Nilimwomba baba mkwe sehemu ya kuwashia sigara ili nichaji laptop

Wakuu, heshima kwenu nyote, wenye magari na tunaopewa lifti.

Ninachosimulia hapa kimenitokea mimi mwenyewe, barabara ya Njombe kwenda Makambako, mchana kweupe, na mashahidi wapo. Ushahidi mwingine uko hapa mezani ninapoandika. Ni gunzi la mahindi. Tulieni, kwenye gunzi tutafika.

Kwa wasionijua, naishi Mjimwema hapa Njombe na kazi yangu ni video. Harusi, kipaimara, misiba, jubilei. Wewe unaniletea picha zako na vipande vya video, mimi natengeneza kitu ambacho mama yako akikiona analia.

Tatizo la kazi hii ni pale mzazi wa binti anapokuuliza unafanya kazi gani. Ukijibu "kazi za kompyuta", anabaki anakutazama akisubiri uendelee.

Mzazi ninayemsema ni Mzee Mgaya. Mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Ana binti anaitwa Faraja, na mimi na Faraja tuna mipango yetu. Rasmi pale kwao nilikuwa natambulika kama "yule kijana wa video". Kwa siri ambayo kila mtu kwenye ule ua aliijua, pamoja na mbwa, nilikuwa mchumba.

Sasa dada yake Mzee Mgaya, yaani shangazi yake Faraja, ameolewa Makambako. Yeye na mumewe walikuwa wanafanya jubilei ya ndoa yao, miaka ishirini na mitano. Faraja akapambana kwenye kikao cha familia mpaka nikapewa kazi ya kutengeneza video ya maisha yao, ionyeshwe ukumbini.

Akaniambia, "Hii ndiyo interview yako. Baba hatakuuliza swali lolote, atatazama tu."

Mnaona uzito wake. Video ikitoka vizuri, natuma mshenga. Ikigoma, nabaki kijana wa video mpaka nizeeke.

Jioni ya kuamkia safari, umeme ukakatika.

Laptop yangu ni ya siku nyingi na betri yake ilishakufa. Ukichomoa waya, inazima kabla hujamaliza kusema "ngoja". Video nilikuwa nimeshaipanga yote, imebaki ku-export tu, ile hatua ya mwisho ambapo mashine inazipika picha zote ziwe faili moja. Kwa laptop yangu kazi hiyo inakula muda kama wa kutoka Njombe mpaka Makambako hivi.

Asubuhi naamka, umeme bado. Ndipo nikakumbuka kwamba nina inverter.

Kwa wasioijua, ni kiboksi. Upande mmoja kina waya mfupi wenye kichwa cha kuchomeka kwenye lile tundu la kwenye dashboard ya gari, upande mwingine kina soketi kama ya ukutani. Unachomeka chaja yako ya kila siku, laptop inakula moto wa gari. Soma nyuma ya chaja uone ina watt ngapi, nunua inverter inayozidi hapo, na uitumie gari likiwa linaunguruma. Hilo la mwisho lishikeni, litarudi kunitesa.

(Naona mdau wa power bank anajiandaa. Mkuu, niliyo nayo inachaji simu kwa kuomba radhi.)

Nikajisemea, si nasafiri na gari la Mzee? Nita-export njiani, tukifika kitu kiko tayari. Nikajiona nina akili kuliko Mjimwema nzima.

Gari lenyewe ni saloon ya zamani, manual. Mzee kwenye usukani, amevaa suti yake ya sikukuu. Pembeni yake Bibi, mama mzazi wa Mzee, amejifunika blanketi na amepakata dumu dogo la togwa, kile kinywaji chetu cha kimea, la kumpelekea binti yake. Nyuma, mimi dirisha moja, Faraja dirisha lingine, na katikati yetu Mama Faraja, amekaa kwa kujitanua, na si kwa bahati mbaya.

Tukatoka na ukungu wetu ule wa asubuhi. Nikasubiri gari lichanganye, nikakohoa kidogo kwa adabu, nikasema:

"Mzee, samahani. Naomba kutumia sehemu ya kuwashia sigara."

Wakuu, sijui kwa nini sikusema tundu la chaji. Sisi tunaohangaika na hivi vitu tunaiita hivyo, sehemu ya kuwashia sigara, na mimi kichwani mwangu jina lile halikuwa na sigara yoyote ndani yake.

Gari likapunguza mwendo. Likatoka barabarani, likasimama, likazimwa.

Mzee akanitazama kupitia kile kioo cha katikati. "Umeanza lini?"

"Kuanza nini, Mzee?"

"Kijana, nimekuuliza kwa upole."

Mama Faraja akasogea upande wa binti yake. Ile nafasi nilikuwa naihitaji tangu tuondoke, lakini sikuitaka kwa namna ile. "Ndiyo maana anakohoa," akasema.

Bibi naye akageuka. Bibi ni Kibena mwanzo mwisho, Kiswahili anakitumia kwa kubana, ila neno sigara analijua. Akanitazama kwa huruma kweli. "Kaka yangu alikuwa anavuta," akasema. "Alikufa."

Baadaye Faraja aliniambia kwamba huyo kaka alikuwa anapasua mbao huko Matembwe na aliangukiwa na mti. Lakini wakati ule sikuwa na taarifa hizo, nikainamisha kichwa kama mgonjwa.

Nikaona maneno hayatanisaidia, bora nionyeshe kitu chenyewe. Nikaitoa inverter kwenye begi nikampa Mzee. Sasa kile kichwa chake, wale mnaokijua mnajua, ni kirefu, ni cheusi, mbele kina kichuma. Mzee akakigeuza geuza.

"Hii ndiyo unavuta?"

"Hapana Mzee, hii ni ya umeme."

"Za umeme nimezisikia," Mama Faraja akadakia. "Ndizo mbaya zaidi."

Nikamtazama Faraja. Mtu niliyetegemea anitetee alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, mabega yanatikisika kwa kicheko. Niliumia, siwafichi. Alipopata pumzi ndiyo akasema, "Baba, ni ya kuchajia laptop. Video ya shangazi haijaisha."

Mzee akaishusha inverter taratibu mapajani. Nikadhani yameisha.

"Lile tundu," akasema, "nililiziba."

Hapa ndipo gunzi linapoingia, wakuu.

Kumbe zamani Mzee alimpa lifti dereva mmoja wa malori kutoka Makambako. Yule bwana kakaa, kachomoa kitu kwenye dashboard, kimetoka chekundu, kawashia sigara. Mzee alikuwa na gari lile siku zote na hakujua kwamba lina kazi hiyo. Aliona kama alikuwa amefuga shetani ndani ya nyumba. Kesho yake akachonga gunzi la mahindi, akaligongomea mle kwa nyundo. Na akaombea.

Gunzi likikaa hivyo linavimba. Linakuwa mali ya gari. Tukajaribu kulitoa kwa kucha, likagoma. Tukajaribu pini ya nywele ya Mama, ikapinda. Mwisho Mzee akashuka, akafungua boneti akachomoa waya wa betri, maana chuma kwenye tundu lile ni hatari, akarudi na bisibisi. Akachokonoa hadi likatoka zima, kavu, lina umbo la tundu kabisa. Mzee akalipuliza vumbi akalitia mfuko wa koti. Sikuelewa kwa nini hakulitupa.

Betri ikarudishiwa waya, gari likawashwa. Nikapenya katikati ya viti vya mbele, nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka kwenye inverter, laptop nayo ikaamka. Kwa furaha nikasema kama tunavyosema mafundi:

"Moto umeingia."

Bibi alisikia moto.

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akifungua mfuniko wa dumu kwa kasi ile. Togwa ilitoka kama bomba limepasuka. Namshukuru Mungu shabaha ya Bibi haikuwa nzuri. Inverter haikupata hata tone. Ilipata gia, ilipata mkono wangu, na sehemu kubwa iliipata suruali ya suti ya Mzee.

Mzee akatazama suruali yake. Akatazama mbele. Akaingiza gia iliyojaa togwa, tukaondoka. Tukapita mashamba ya chai gari zima linanuka togwa.

Nikafungua kazi yangu, nikabonyeza export. Namba zikaanza kupanda. Roho ikatulia.

Mnaoijua barabara ile mnajua ni vilima, unapanda, unashuka, unapanda tena. Na Mzee Mgaya ni mtu anayebana mafuta. Tulipofika mteremko wa kwanza, akatoa gia, akazima gari, tukawa tunateleza na upepo tu.

Msijaribu, breki na usukani vinakuwa vigumu. Mimi siku ile sikuwaza breki. Betri ya gari nayo ilikuwa ya kuzeeka, injini ikinyamaza haina nguvu ya kubeba kitu. Inverter ikalia piiii, ikakata. Laptop ikazima. Kule chini ya mteremko Mzee akaingiza gia, gari likawaka lenyewe, nikaanza upya mwanzo kabisa.

Mteremko wa pili, piiii.

Sasa niambieni, unamwambiaje baba wa mchumba wako namna ya kuendesha gari lake, wakati amekaa kwenye togwa kwa ajili yako? Haiwezekani. Kuna utaratibu. Nikamnong'oneza Mama Faraja.

Mama akapeleka ujumbe mbele. "Baba Faraja, kijana anaomba usiwe unazima gari kwenye mteremko."

"Anaogopa?"

Mama akanigeukia. "Anauliza unaogopa?"

"Siogopi, Mama. Ni umeme unakatika."

"Anaogopa umeme," Mama akapeleka.

"Mwambie nimeanza kuendesha hajazaliwa."

"Anasema ameanza kuendesha hujazaliwa."

"Mwambie nashukuru."

Wakuu, kati yangu na Mzee palikuwa na umbali wa mkono mmoja. Mteremko wa tatu ukafika, akazima. Piiii.

Ni Faraja aliyeniokoa tena. Akasema tu, "Baba, kila ukizima gari, shangazi anafutika."

Kuanzia hapo hakuzima. Lakini kila mteremko nilimsikia akivuta pumzi ndefu kama mtu anayeona maziwa yanamwagika na amekatazwa kuinuka.

Namba zikapanda vizuri. Miti ya misindano ikapita, magunia ya viazi yakapita, nikaanza kuona malori yamezidi, nikajua Makambako inakaribia. Nusu nimeshaivuka. Nikaanza kupanga nitamtuma nani kuwa mshenga.

Laptop ikazima.

Gari linaunguruma, tuko kwenye tambarare. Nikafuata waya kutoka kwenye chaja, ukapita juu ya kiti cha mbele, ukaingia chini ya blanketi la Bibi.

Inverter ina kifeni, wakuu. Kinapuliza hewa ya moto. Bibi aliona kitu kinatoa joto, na baridi yetu mnaijua, akakipakata na kukifunika blanketi kama kifaranga. Kimepata joto mpaka kikajizima chenyewe.

"Bibi, samahani, naomba hicho kiboksi."

"Kina joto," Bibi akasema, akakivuta ndani zaidi.

"Ndiyo Bibi, lakini ukikifunika kinakufa."

Hilo lilimgusa. Akakitoa nje ya blanketi, akakiweka magotini, akakitandazia viganja kwa juu bila kukigusa, kama mtu anayeota moto jikoni. Tukakubaliana hivyo. Kikapoa, kikarudi, nikaanza tena.

Kwa hiyo tulipofika ukumbini, video ilikuwa bado kabisa. Na umeme Makambako nao hakuna. Jenereta la ukumbi lilikuwepo, ila mtu wa petroli alikuwa ametumwa na hajarudi. Nikaona Mzee anaegesha. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

Nilichoka. Niliona ile interview imeisha na nimefeli, tena kwa harufu ya togwa.

Bibi alikuwa amegeuka nyuma kutafuta fimbo yake, macho yakaangukia laptop mapajani kwangu. Program yangu ikiwa ina-export inaonyesha picha inayopikwa wakati huo. Bibi akasema kitu kwa Kibena, pole pole. Mzee akaacha ufunguo, akageuka.

Ilikuwa picha ya siku ya harusi ya shangazi. Babu, mume wa Bibi, ambaye sasa ni marehemu, amemshika binti yake mkono mlangoni mwa nyumba. Ile picha waliponiletea ilikuwa imenyeshewa. Nguo zilionekana, mikono ilionekana, ila uso wa Babu ulikuwa doa jeupe. Nilimtafuta kwenye picha nyingine ya siku ile ile, amesimama nyuma kabisa ya kundi la watu, nikautoa uso wake pale, nikausafisha, nikauunga. Ilinichukua siku nyingi kuliko video yote iliyobaki.

"Hii picha iliharibika," Mzee akasema. "Uso haukuwepo."

"Ulikuwepo kwenye nyingine, Mzee. Nimeurudisha."

Akaitazama mpaka ikaja picha nyingine. Bibi bado alikuwa anatazama mahali pale pale ilipokuwa.

"Kwa hiyo hii ndiyo kazi ya kompyuta," Mzee akasema. Hakuwa ananiuliza.

Wengine wakashuka. Mzee akabaki kwenye usukani, mimi nyuma, gari limesimama na linaunguruma. Mtu ambaye anazima gari kwenye mteremko ili abane kijiko cha petroli. Wageni wanapita wanamsalimia, na mmoja akainama dirishani akamwambia, "Mzee Mgaya, umesahau kuzima gari."

"Sijasahau," akajibu.

Nilitazama kiatu changu kwa muda mrefu kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Export ikaisha. Jenereta likapata petroli. Video ikaonyeshwa. Shangazi alilia, mume wa shangazi alilia, MC alilia na kusahau ratiba. Ilipofika picha ya Babu, Bibi akasema kwa sauti, "Kamwene," salamu yetu ya Kibena, kama mtu amekutana naye njiani.

Kisha Mzee akaitwa kutoa neno la familia. Akasimama nyuma ya meza kwa sababu ya suruali. Yeye, mzee wa kanisa, mbele ya mchungaji na washarika wa Makambako, akasema hivi:

"Namshukuru kijana huyu. Bila sigara yake, leo tusingeona kitu."

Akakaa.

Mchungaji alishusha miwani. Mzee aliona amejieleza vya kutosha. Muda wote wa soda mimi nilikuwa nazunguka meza kwa meza nikieleza habari za watt na tundu la dashboard. Mama mmoja wa kwaya alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega akasema, "Utaacha tu, usikate tamaa."

Wakati wa kurudi, mpangilio ule ule, Mama katikati. Tumetoka Makambako kidogo, Mzee akatoa simu yake imezima. Akainyoosha nyuma bila kugeuka.

"Mkwe, chomeka sigara. Simu yangu imekufa."

Alisema mkwe, wakuu. Mwenyewe, bila kupitia kwa Mama. Faraja akaacha kupumua, mimi nikadondosha simu ya watu.

Tulipofika Mjimwema akaniita pembeni ya gari, akatoa lile gunzi mfukoni mwa koti, akanikabidhi. "Kaa nalo. Siku ukianza kuvuta kweli, ulirudishe mwenyewe mahali pake." Ndilo hili hapa mezani. Nimelipaka vanishi.

Nilichojifunza: inverter kwenye gari inafanya kazi, tena vizuri, kama injini inawaka na kifeni kinapumua. Ukichomeka, usitangaze habari za moto kwenye gari lenye mtu mwenye togwa. Na mbele ya mkwe, neno ni "tundu la chaji". Rudieni nyumbani kwa sauti, tundu la chaji.

Mshenga ameshakwenda na amerudi. Mengine yote wamekubaliana, kimebaki kipengele kimoja. Kwenye mahari kuna blanketi la bibi, mnajua utaratibu. Bibi amelikataa. Amesema mablanketi anayo, yeye anataka ile sigara.

Bibi hana gari, wakuu, na nyumba yake haina hilo tundu. Mwenye kujua namna ya kuifanya ipulize hewa ya moto ikiwa magotini mwa mtu, kijijini, aandike hapa chini, maana harusi yangu imesimamia hapo.